Maswali ya wasomaji: Panga kwanza, ndo utafute

Mwezi huu Tanga mmetuandikia kweli, sijui mmeambizana au vipi maana karibu barua zote zinazunguka jambo moja, wanafunzi na databesi, jinsi ya kutafuta na kupanga taarifa. Nimeziweka pamoja, zilizokuwa ndefu nimezifupisha, na majina sikuyaandika.

Habari za kazi mwalimu. Nafundisha kompyuta kidato cha tatu, sekondari moja hapa mjini. Wanafunzi wangu kuklik wanajua, ukiwaambia panga kwa jina wanapanga, ukiwaambia chuja wanachuja. Ila niwape swali la kawaida tu, mfano "nani kaleta nguru zaidi ya kilo 20 wiki iliyopita", wanabaki wanaangalia skrini, au wanaleta jibu ambalo hata wenyewe hawajui kama ni sahihi. Kitabu ninachotumia kinaanza na kutafuta, kupanga kunakuja baadaye. Kompyuta zinazowaka ni chache na umeme ndo huo. Nianzie wapi? (Mwalimu, Chumbageni)

Nzuri mwalimu mwenzangu, pole na majukumu. Mimi ningegeuza, ningeanza na kupanga, na kutafuta wangekutana nako wakiwa wameshazoea kuona jedwali limejipanga mbele yao.

Sababu yangu ni hii. Ukitafuta, kompyuta inakupa ulichoomba basi, haikuambii imeacha nini. Chukua hilo jedwali lako la samaki, mwanafunzi mmoja kaandika "nguru", mwingine "ngulu", mwingine kaandika "nguru mkubwa", na yupo aliyebonyeza spesi mbele ya neno bila kujua. Sasa ukitafuta nguru, unaletewa wale walioandikwa sawasawa na ulivyoandika wewe, wanatokea vizuri kabisa kwenye skrini, mwanafunzi anafurahi, anahesabu, anaandika jibu. Waliobaki hakuna anayewajua. Lakini ukipanga kolamu ya samaki kwanza, nguru na ngulu wanakaa karibu karibu, yule mwenye spesi anajitokeza juu kabisa ya jedwali, macho yanaona yenyewe hata bila mwalimu kusema. Kupanga kunatoa uchafu nje, kutafuta kunauficha, ndo maana kupanga nakuweka mbele.

Na usianzie kwenye kompyuta. Kata manila vipande, kila kipande ni chombo kimoja kilichofika, kiwe na tarehe, aina ya chombo (mtumbwi, ngalawa, dau, boti ya faiba), diko (ufuo wa wavuvi) kilikotoka, samaki, kilo na bei. Mkiweza kwendeni soko la samaki la Deep Sea asubuhi watoto waulize wenyewe, ukiomba ruhusa kistaarabu na ukiwapanga wasikae njiani pa watu wanaobeba, wanaandika haraka sana. Isipowezekana tunga wewe. Kadi kama arobaini hivi zinatosha, tena nataka ziwe chache kwa makusudi, ziwe ambazo mtoto anaweza kuzikagua kwa macho akajua kompyuta imejibu sawa au imempoteza. Ukimpa jedwali la mistari elfu tatu siku ya kwanza utakuwa unamfundisha kuamini skrini.

Waambie wapange kadi kwa samaki, halafu ndani ya kila samaki kilo kubwa iwe juu. Hapa kaa, usikimbie, hapa ndipo wengi wanapopotelea. Utaona kundi moja linapanga kwa samaki vizuri, marundo ya changu, tasi, kibua, jodari, halafu wanazikusanya zote tena wapange kwa kilo, na yale marundo ndo yamekufa. Waache wafanye hivyo kisha uwaulize marundo yako wapi. Wakishaelewa kwamba kigezo cha pili kinafanya kazi ndani ya kigezo cha kwanza tu, ile amri ya SQL (lugha ya kuulizia databesi), ORDER BY samaki, kilo DESC, yaani panga kwa samaki kisha kilo kubwa kwanza, hutahitaji kuieleza sana.

Baada ya hapo ndo kutafuta, na swali waliseme kwanza kwa mdomo, kwa vipande vinne: nataka kuona nini, kutoka jedwali gani, kwa masharti gani, kwa mpangilio gani. Hivyo vipande vinaingia kwenye SQL kwa mpangilio uleule:

SELECT chombo, samaki, kilo FROM mavuno WHERE samaki = 'nguru' AND kilo > 20 ORDER BY kilo DESC;

Swali lako la wiki iliyopita linaongeza sharti la tarehe, liongeze wakishaizoea hii. Angalia pia hiyo alama ya zaidi. Zaidi ya 20 ni > na kuanzia 20 ni >=, na kama kuna ngalawa iliyoleta kilo 20 kamili basi majibu yanatofautiana. Hakikisha kwenye kadi zako ipo moja ya kilo 20 kamili, iweke kama mtego.

Kabla hajabonyeza, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari anategemea mistari mingapi. Hili kwangu ndilo lenye faida kuliko yote niliyosema hapa, na halihitaji umeme. Akibonyeza ikaja tofauti, ama yeye kakosea kuhesabu ama swali lake halisemi anachofikiri linasema, na huo mjadala ndo somo lenyewe.

Lingine dogo, wanafunzi wengi wanadhani wakipanga basi jedwali lenyewe limehamahama. Halijahama, kilichopangwa ni kile wanachoonyeshwa tu, na bila ORDER BY databesi haikuahidi mpangilio wowote hata kama jana ilikuja vizuri. Kwenye Excel ni tofauti, kule ukipanga mistari inahama kweli, na ukichagua kolamu moja tu ukapanga hiyo peke yake, ikikuuliza kama kolamu za jirani ziende pamoja ukasema hapana, kilo za mtu zinahamia kwa mtu mwingine. Ukishasevu na kufunga, imekula kwako.

Shikamoo mwalimu. Nina duka la steshenari Ngamiani, naandika orodha za vikundi na vikoba. Nina matatizo mawili. Nikipanga kwa anwani, Barabara ya 10 na ya 12 zinakuja kabla ya Barabara ya 2. La pili ndo limenitoa jasho, nimeandika namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) za watu kwenye Excel, nikifungua naona E katikati, nikazirudisha zionekane ndefu, kumbe tarakimu za mwisho zote zimekuwa sifuri. (Binti wa steshenari, Ngamiani)

Marahaba mwanangu. Matatizo yako ni mamoja, kompyuta haijui wewe umeandika namba au umeandika maandishi, inakisia.

Barabara ya 10 ni maandishi, na maandishi yanalinganishwa herufi moja moja kuanzia kushoto. Inafika kwenye 1 na 2, inaona 1 iko mbele, imemaliza, hata haiangalii kinachofuata. Dawa ni kutenganisha, kolamu moja ya mtaa uandike Ngamiani, kolamu nyingine ya barabara uandike namba tupu, 2, 9, 10, na uiambie ni namba. Au kama lazima yabaki maandishi basi weka sifuri mbele, 02, 09, 10. Angalia namba za watahiniwa wa kidato cha nne, yule wa saba anaandikwa 0007, hiyo ndo kazi ya zile sifuri.

NIDA ni kinyume chake. Ile ni tarakimu 20, na Excel ikidhani ni namba ya kawaida inatunza tarakimu 15 tu, tano za mwisho inazigeuza sifuri, na ikishazigeuza zimepotea, kubadilisha muonekano hakuzirudishi. Itabidi urudi kwenye makaratasi uandike upya, pole sana. Kabla hujaandika chagua kolamu nzima uifanye ya maandishi, au andika na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho, haitadhani tena ni hesabu. Namba za simu hivyohivyo, ukiandika 0712 na kuendelea kama namba ile sifuri ya mbele inaliwa. Kipimo ninachowapa wanafunzi ni kujiuliza, hii nitaijumlisha? Kilo utajumlisha, bei utajumlisha, NIDA ya mtu unaijumlisha na nini?

Kitu kizuri kwenye NIDA, tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa mpangilio huo. Kwa hiyo ukiipanga kama maandishi unapata watu kwa umri, mkubwa kwanza, bila kuandika tarehe ya kuzaliwa popote. Ila hizo ni siri za watu, usije ukamgawia mwalimu orodha ya kikoba akafundishie.

Mambo mwalimu. Nimetafuta changu na tasi kwa pamoja nikaandika samaki = 'changu' AND samaki = 'tasi', nimepata sifuri. Na wote wapo, nawaona! (Mwanafunzi, Pongwe)

Poa. Databesi inakagua mstari mmoja mmoja, ukiingia mstari wa kwanza inauliza, huyu samaki ni changu na wakati huohuo ni tasi? Hayupo samaki wa hivyo baharini. Unataka OR, mstari upite ukiwa ni changu au ni tasi.

Sasa subiri, maana hapo mbele kuna shimo lingine. Ukiandika samaki = 'changu' OR samaki = 'tasi' AND kilo > 5, utaletewa changu wote hata wa nusu kilo, kwa sababu AND inashughulikiwa kabla ya OR, yaani lile sharti la kilo limemshika tasi peke yake. Weka mabano, (samaki = 'changu' OR samaki = 'tasi') AND kilo > 5. Au andika samaki IN ('changu', 'tasi'), fupi na haina utata. Na kama hukumbuki lilivyoandikwa neno, tumia LIKE 'ng%', inaleta yote yanayoanza na ng, nguru na ngisi humohumo. Kwenye Access, ile programu ya databesi ya Microsoft, mara nyingi ni nyota badala ya asilimia, usije ukalia siku ya praktiko.

Assalam aleikum mwalimu. Mimi niko BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, kijiji cha pwani huku Kigombe, naandika vyombo vinavyorudi. Nataka kujua saa ngapi samaki wengi wanafika, lakini nikipanga kwa saa inachanganya, vya alfajiri vinakuja mwisho. Na tarehe nazo sielewi. (Kijana wa BMU)

Waaleikum salaam kijana wangu. Swali lako nimelipenda kuliko yote, maana hili vitabu vya kompyuta haviwezi kukusaidia, waliovitunga hawahesabu saa kama sisi.

Ngalawa imerudi saa 12:40 asubuhi, nyingine saa 1:15, nyingine saa 3. Sisi tunajua ipi ya kwanza. Kompyuta inapanga 1:15, 3:00, 12:40, ya kwanza imekuwa ya mwisho. Halafu saa 1 asubuhi na saa 1 usiku zote ni 1:00, dau lililorudi magharibi linakaa pamoja na la asubuhi, na ukichora chati utaona samaki wengi wanafika saa ambayo diko halina mtu.

Usiwalazimishe wazee wakutajie saa za redio ya kizungu, watakosea na watakuchoka. Kwenye fomu ya karatasi andika wanavyosema, saa 12:40, na pembeni weka asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kugeuza kufanyike wakati wa kuingiza kwenye kompyuta, na kufanywe na mtu mmoja ukiweza. Utumie mfumo wa saa 24: saa 12:40 asubuhi ni 06:40, saa 1:15 asubuhi ni 07:15, saa 1 usiku ni 19:00, saa 6 usiku ni 00:00, saa 8 usiku ni 02:00.

Hiyo ya saa 8 usiku iangalie sana. Mvuvi anakwambia nimerudi Jumamosi usiku saa nane, kwa kompyuta hiyo ni Jumapili tayari, siku inageuka saa 6 usiku. Uliza hivi, usiku wa kuamkia lini? Akisema wa kuamkia Jumapili, andika tarehe ya Jumapili. Ndo maana nashauri tarehe na saa zikae kolamu moja, 2024-06-09 02:00, mwaka kwanza, mwezi, siku, saa. Ikiandikwa hivyo hata kama programu itaichukua kama maandishi bado itajipanga sawa, kikubwa kiko kushoto kidogo kiko kulia.

Na tarehe zako nadhani nazijua. Umeandika 9/6/2024 kwenye laptopu iliyosetiwa Kimarekani, yenyewe imesoma Septemba 6. Ukaandika 13/6/2024, mwezi wa 13 haupo, ikaiacha kama maandishi. Kwa hiyo nusu ya kolamu ni tarehe za uongo na nusu ni maandishi, na ukipanga zinajitenga makundi mawili. Zilizoshikamana kushoto ndo maandishi, zilizoshikamana kulia imezielewa, kwa kuzielewa vibaya. Zilizojigeuza kimyakimya ndo hatari kuliko zile zilizogoma, rudi kwenye fomu uzilinganishe.

Mwalimu za saa hizi. Mwanangu anasoma kompyuta, kila siku SQL, SQL. Mimi nauliza tu, ya nini wakati Excel ipo na Google ipo? Isije ikawa anafundishwa vitu vilivyopitwa na wakati. (Mama, Makorora)

Salama mama. Ya zamani kweli, umeshika penyewe. Wazo la kuweka taarifa kwenye majedwali yanayohusiana lilitolewa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya kompyuta ya IBM, na mwaka 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatoa lugha ya kuulizia hayo majedwali, wakaiita SEQUEL, baadaye ikawa SQL. Mpaka leo haijaondoka. Simu uliyotumia kuniandikia, iwe Android au iPhone, ndani ina SQLite, databesi ndogo ya bure iliyoanza mwaka 2000, na meseji zako za WhatsApp zimelala humo. Ukitafuta jina la mtu kwenye simu kuna swali la SQL limeulizwa bila wewe kuliona.

Excel aijue pia, hazigombani. Na gharama isikutishe, SQLite ni bure na LibreOffice Base ni bure, zinakwenda kwenye laptopu ya kawaida tu.

Kwanini databesi kubwa inapata jina moja kati ya milioni haraka hivyo, inasoma yote? (Mwanafunzi, Duga)

Haisomi yote, ikiwa kuna indeksi. Indeksi ni orodha iliyokwisha kupangwa pembeni. Kwenye orodha iliyopangwa unafungua katikati, unaangalia unayemtaka yuko mbele au nyuma, nusu unaitupa, unafungua katikati ya iliyobaki. Majina 1,000 yanaisha kwa hatua kama 10, majina 1,000,000 hatua kama 20. Jaribuni darasani, mmoja afikirie namba kati ya 1 na 1,000, wengine waulize kubwa au ndogo.

Ila ukitafuta LIKE '%hamisi', hujui jina linaanzaje, kwa kawaida indeksi haisaidii hapo, inabidi isome mstari mmoja baada ya mwingine.

Mwalimu, tumekwama mimi na darasa zima. Jedwali lina mistari 40. Tumetafuta vyombo vya kutoka Tongoni, vimekuja 12. Tukatafuta visivyo vya Tongoni, vimekuja 25. Vitatu viko wapi? Tumehesabu tena na tena. (Mwalimu, Muheza)

Hongereni kwa kujumlisha, wengi wangeandika 25 wakaondoka.

Vile vitatu kolamu ya diko iko tupu, mtu hakujaza. Kwenye databesi pengo la hivyo linaitwa NULL, maana yake haijulikani. Ukiuliza diko = 'Tongoni', jibu la mstari huo si ndiyo. Ukiuliza diko <> 'Tongoni', yaani si Tongoni, jibu si ndiyo pia, kwa sababu kisichojulikana huwezi kusema kwamba si Tongoni. Na WHERE inapitisha ndiyo tu. Kwa hiyo mstari unakosa pande zote mbili na hakuna taa nyekundu inayowaka. Kuandika diko = NULL nako hakuleti kitu, lazima diko IS NULL.

Mngekuwa mmepanga kwa diko mngeviona mapema. Databesi nyingine zinaweka mapengo juu kabisa ya orodha, nyingine chini kabisa, Excel inayapeleka mwisho siku zote, lakini popote yalipo yanakaa pamoja na yanaonekana.

Kwenye zoezi lijalo msiyajaze yote. Acha matatu au manne wazi bila kuwaambia, wape maswali mawili, wa Tongoni wangapi na wasio wa Tongoni wangapi, na swali la tatu liwe jumla. Kisha waulize watayafanyaje hayo mapengo, wataandika "haijulikani", wataacha hivyo, au watarudi kumuuliza aliyeandika. Mimi naanza na kurudi kumuuliza, akiwa bado anakumbuka.